Sifuri za Nesi Anansia

Saa tatu usiku, Shantytown. Umeme umerudi.
Naupakia mswada kwenye kikaguzi,
programu isiyokunywa chai wala kupiga miayo,
na kabla sijamaliza kumenya ndizi
imeshasoma kurasa ishirini na nane.

Marejeo: vema.
Majedwali: vema, jumla zinajumlika.
Tamko la ridhaa: vema.
Halafu, kwa wekundu wa pilipili iliyoiva:
*Vipimo vya presha, kituo cha pili.
Asilimia tisini na moja vinaishia na sifuri.
Chunguza uwezekano wa data za kubuni.*

Dakta Nderingo akaandika pembeni neno moja:
"Nani?"

Nani mwingine? Kituo cha pili ni Kibosho,
zahanati ya bati la bluu, barabara ya Umbwe,
na zahanati ile ni nesi Anansia
na kiti kimoja cha plastiki.

Asubuhi nikapanda na bodaboda,
tope la Mei likinirukia hadi kwenye mkoba,
njia nzima nikinoa maneno ya upole
yenye mwiba kwa ndani.

Nikamkuta anampima mama mmoja wa makamo.
Kipimo cha zebaki, umri wake umenizidi.
Vile vistari vidogo, vya mbili mbili,
vimefutwa na spiriti ya miaka thelathini;
imebaki mistari mikubwa tu:
mia na ishirini, mia na thelathini, mia na arobaini.
Zebaki ikisimama katikati, nesi anakunja jicho,
anaisogeza hadi mstari ulio jirani
kama anayemvusha mtoto barabara.
"Sasa ningeandika nini, mwanangu?
Mia na thelathini na nne?
Hiyo nne nimeiona wapi?"

Hakubuni. Alikataa kubuni.
Kila sifuri ilikuwa inasema:
macho yangu yameishia hapa.

Akanipa daftari nihakikishe mwenyewe.
Nikafunua kurasa, nikifuata mwandiko wake wa kulala,
hadi Alhamisi moja ya mwezi wa nne,
ambapo kwenye ukingo, mbele ya namba za wagonjwa,
palikuwa na viduara vitupu.
Nikadhani ni sifuri zake nyingine.
Nikavihesabu. Kumi na moja.

Yeye hakusema kitu. Alikuwa anakunja mpira wa kipimo.

Usiku nimeandika aya ya mapungufu,
nimekieleza kile kioo kilichofifia,
nimepakia tena. Wekundu umekuwa manjano.
Ningeweza kulala.

Lakini ile vema ya tatu inanitazama.
*Washiriki wote walielezwa na kuridhia kwa maandishi.*
Programu iliitafuta sentensi hiyo, ikaikuta
imekaa panapostahili, imenyooka, ina nukta,
ikaridhika.
Haikuwepo Alhamisi ile,
mvua inapiga bati hadi hatusikilizani,
foleni imefika kwenye migomba,
fomu zimeisha, mashine ya kurudufu iko mjini,
nami, mwenye saa na haraka, nikasema:
"Tupime tu, nesi. Fomu nitaleta kesho."
Kesho ikaja mikono mitupu, na keshokutwa yake.
Watu kumi na mmoja walikunja mikono ya mashati
wakidhani wanatibiwa.
Mmoja alinishukuru, akaniachia parachichi mbili.

Nesi aliandika alichokiona, akaacha wazi asichokiona.
Mimi niliandika "wote".

Nimelifuta. Herufi nne tu,
lakini kidole kilikaa juu ya kitufe
mpaka skrini ikazima yenyewe.
Nimeandika idadi, nimeandika siku, nimepakia.

*Tamko la ridhaa: halijakamilika.*
Jekundu, na linastahili.

Nje mbwa wa jirani anabwekea kitu asichokiona.
Kesho Dakta Nderingo ataandika pembeni
lile neno lake moja,
na safari hii
jibu halihitaji bodaboda.